Kufunga kebini ya GMC ya vita: milango iguse mwisho

Wakuu, leo tuongelee kebini. Watu wengi wakipata lori la jeshi la zamani wanahangaika na injini kwanza, na injini kusema kweli ndiyo kazi nyepesi, vipimo vipo, spea zinapatikana, ukifuata utaratibu itawaka tu. Kinachotoa watu jasho ni siku ya kurudisha kebini juu ya chesisi. Unaishusha, kwa macho imekaa safi kabisa, unakaza bolti, halafu mlango wa dereva haufungi, boneti imekaa upande, na liva ya gia inagonga bati la sakafu kila ukiingiza ya pili. Hapo ndipo mtu anaokota nyundo anaanza kumpa mlango kipigo, na mlango wala hauna kosa.

Gari ninayoiongelea ni GMC CCKW, ile ya tani mbili na nusu, ekseli tatu na zote zinavuta. Zilitengenezwa Marekani kuanzia 1941 mpaka 1945, zaidi ya nusu milioni, na Ulaya bado zipo nyingi tu, ukienda Normandie mwezi wa 6 wakati wa kumbukumbu za kutua kwa majeshi utaziona zimepanga foleni barabarani. Zilikuja na kebini za aina mbili, za mwanzo ni zile zilizofungwa, bati kote, milango ya chuma na vioo vya kuzungusha, na baadae vita ilipokolea wakaleta kebini ya wazi yenye turubai juu, maana inaokoa chuma na inapakiwa melini kirahisi. Mimi nitakaa zaidi na iliyofungwa kwa sababu ndiyo yenye kesi nyingi, ila kama una Bedford au Dodge ya jeshi mambo mengi ni yaleyale, ilimradi kebini inakaa juu ya chesisi kwa pedi za mpira.

Na msione ni habari za mbali. Mali za jeshi zilizobaki baada ya vita zilifika hadi kwetu Tanganyika, ule mpango wa Waingereza wa kulima karanga Kongwa ulioanza 1947 ulitegemea sana mitambo ya mabaki ya vita, mpaka vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Kwahiyo mzee akikwambia ana chesisi ya zamani imelala nyuma ya ghala, nenda kaiangalie kwanza kabla hujacheka.

Utaratibu wangu ni huu na sibadilishi: chesisi kwanza, kisha mitambo yote iwe mahali pake, kisha kebini, kisha boneti na madigadi, halafu milango mwisho kabisa. Milango inakusomea tu hali ya chini. Ukianza kurekebisha milango wakati kebini imepinda utakuwa unarekebisha kosa kwa kosa, na siku ukija kuinyoosha kebini milango yote itaharibika tena.

CHESISI

Chesisi ya hizi gari ni ngazi ya chuma cha chaneli iliyofungwa kwa riveti, na imetengenezwa ijipinde kidogo porini, huo ni uzima wake. Shida ni ile iliyopinda ikabaki imepinda. Kumbuka kazi zilizofanya, ule msafara maarufu wa malori ya kupeleka mahitaji ya jeshi, Red Ball Express, kule Ufaransa, kuanzia Agosti 25 mpaka Novemba 16, 1944, ambao madereva wake wengi walikuwa Wamarekani weusi, gari zilikuwa zinapakiwa mara mbili ya mzigo zilioruhusiwa kubeba na zinakimbizwa usiku na mchana. Na baada ya vita zikaenda kubeba magogo na mawe miaka mingine mingi. Usitegemee chesisi ya namna hiyo iwe imenyooka kwa sababu tu imepakwa rangi nzuri.

Weka gari kwenye sakafu ya zege iliyo sawa, isimame kwa matairi yake, sio kwenye stendi. Hili nalisisitiza kwa sababu chesisi iliyobebwa kwa stendi mahali pasipo pake inajipinda tofauti na inavyokaa barabarani, utapima vizuri juu ya stendi halafu ukishusha kila kitu kinahama. Matairi yawe saizi moja, 7.50-20 kote, na upepo sawa. Springi nazo ziangalie, kama ya kushoto imechoka na ya kulia ni mpya gari itaegemea na wewe utadhani ni kebini.

Chukua timazi, ining'inize kwenye matundu ya riveti yanayofanana kushoto na kulia, piga alama ya chaki chini kila mahali, halafu sogeza gari pembeni upime kwenye zege kwa tepu, kona kwa kona, msalaba. Kupima chini kwenye chaki ni bora kuliko kupitisha tepu katikati ya giaboksi na ekzosi, hapo tepu inapinda na unajidanganya. Misalaba miwili ikitofautiana milimita 3 mimi naendelea na kazi. Ikifika 6 au zaidi natafuta sababu, mara nyingi ni riveti zilizolegea kwenye kiungo cha katikati, gonga kila riveti kwa nyundo ndogo huku kidole kimegusa upande wa pili, iliyolegea utaihisi inatikisika.

Zile breketi zinazobeba kebini ndizo za kuzikagua kama unatafuta kitu kimepotea. Mbele ziko chini ya fayawoli (ule ukuta wa bati kati ya injini na kebini) kila upande, na nyuma kwenye kona za mgongo wa kebini. Weka bapa la chuma lililonyooka kutoka breketi ya kushoto hadi ya kulia na pima maji juu yake, linganisha na mgongo wa chesisi pale pale, sio na sakafu. Breketi iliyoinama kidogo ukiiacha hivyo utaikuta baadae juu kwenye kona ya mlango, na huko itakuwa imekua.

KEBINI KABLA YA KUNYANYUA

Kutu ya hizi kebini inajulikana inapokaa: kizingiti chini ya mlango, kona za sakafu mbele miguuni, sehemu ya chini ya nguzo ya bawaba, na kona mbili za nyuma ambako maji na matope yanakusanyika. Yaani hasa pale ambapo kebini inashika umbo lake. Ukikata kizingiti bila kufunga vizuizi, nguzo za mlango zinasogea zenyewe, huzioni zikisogea, utaona tu mlango haurudi.

Kwahiyo kabla ya grainda haijawashwa, chomelea engo (chuma cha pembe) ndani ya uwazi wa mlango, moja ya kulala kutoka nguzo hadi nguzo usawa wa kitasa, nyingine ya mshazari, na nyingine inayovuka kebini kutoka kulia kwenda kushoto. Ziweke kwa ndani kiasi kwamba mlango unaweza bado kufungwa huku engo zipo, hii ndiyo siri, maana unataka kuujaribu mlango kila baada ya pointi chache za kulehemu. Kizingiti kipya shika kwa pointi tu, funga mlango, angalia mwanya, ndio uendelee. Maliza upande mmoja kabisa kabla hujagusa wa pili, na usichome mstari mrefu mara moja, bati la namna hii likipata joto linavuta.

Pima na uandike ukutani, sio kwenye simu, ukutani ambapo kila mtu gereji anaona: msalaba wa uwazi wa mlango wa kulia, wa kushoto, msalaba wa uwazi wa kioo cha mbele, na upana kati ya nguzo juu na chini. Kioo cha mbele ndicho shahidi mkubwa. Misalaba yake ikiwa sawa kebini haijajisokota, isipokuwa sawa usiendelee mbele kwa matumaini kwamba bolti zitaivuta. Bolti zitaivuta kweli, halafu kioo kitapasuka siku ya baridi.

Jambo jingine la kufanya mapema ni pini za bawaba. Nimesema milango mwisho, lakini ulegevu wa bawaba lazima uondoe sasa. Fungua mlango nusu, shika ncha ya chini upande wa kitasa, nyanyua juu. Ukicheza hata kidogo, pini na matundu yamekula, badilisha pini au weka bushi, maana mlango unaoanguka kwa sababu ya pini utakudanganya kabisa tukifika kwenye shimu, vile vibati vyembamba vya kuinulia kona ya kebini.

PEDI

Kati ya breketi na kebini kuna pedi za mpira, na bolti inapita katikati ikiwa na pedi juu na nyingine chini ya breketi. Kazi yake sio kulainisha safari, ile gari hailainishiki, kazi yake ni kuiacha chesisi ijipinde bila kuisokota kebini. Ukifunga chuma kwa chuma, mwaka haupiti nyufa zinaanza kwenye kona za fayawoli.

Mafundi wetu nawajua, tairi la zamani linakatwa maisha yanaendelea. Kwa kujaribisha ni sawa. Kwa kufunga moja kwa moja mimi sipendi, sio kwa sababu tairi ni baya ila kwa sababu kipande cha ubavuni na kipande cha katikati vina unene na ugumu tofauti, pedi moja itashuka nyingine itabaki juu, halafu utakesha na shimu. Kama huna pedi za kununua tumia mkanda wa konveya, kata zote kwenye mkanda mmoja, unene mmoja. Ndani ya tundu weka bomba fupi la chuma ili bolti ikikazwa ifikie kikomo kwenye bomba, isiponde mpira mpaka ukawa chapati. Urefu wa hilo bomba ndio unaoamua mpira unabanwa kiasi gani, na mabomba yote yawe na urefu sawasawa, kata, panga mezani, weka bapa juu, piga msasa mpaka yawe sawa.

Bolti za hii gari ni za inchi, spana za milimita ziweke mbali zitakula vichwa.

KUSHUSHA

Kabla ya siku yenyewe hakikisha injini na giaboksi vimefungwa kwenye mipira yake, boksi la stelingi limefungwa kwenye chesisi, na rejeta imesimama. Watu wanapenda kufunga kebini mapema ili gari ionekane gari, wapige picha. Uzito wa mitambo unaishusha springi na unaikalisha chesisi, kebini iliyopangwa bila injini haitakuwa imepangwa injini ikiingia.

Toa usukani, toa liva za gia, toa mabati ya sakafu yanayofunguka juu ya giaboksi. Kwenye CCKW pale sakafuni panatokea vitu vingi: liva ya gia, liva za transfa kesi (boksi la kugawa nguvu kwa ekseli za mbele na nyuma), breki ya mkono, na kama gari ina winchi mbele kuna liva yake pia. Pedali nazo zimeshikwa chini, zinapenya sakafuni. Na mhimili wa stelingi unapita kwa mshazari. Kwahiyo kebini haishuki wima tu, inashuka huku inatafuta njia.

Kunyanyua usitumie paa. Pitisha ubao mnene au bomba kupitia milango miwili, mkanda wa kunyanyulia kila upande, na weka matambara pale ubao unapogusa nguzo. Mtu mmoja kwenye winchi, mmoja kila kona, na mmoja ambaye hana kazi nyingine yoyote ila kuangalia mhimili wa stelingi. Huyo ndiye mwenye sauti ya kusema simama. Kwenye matundu ya breketi weka bolti ndefu zilizokatwa vichwa na kuchongwa ncha, ziwe kama vielekezi, kebini ikizipata zote imeshafika nyumbani, kilichobaki ni milimita.

Weka pedi bila shimu yoyote kwanza, shusha, toa uzito kwenye winchi, ila mkanda uache umelegea tu, usiutoe. Bolti zikazwe kwa vidole. Sasa tikisa kebini mwenyewe kwa mikono, isukume ubavuni mara mbili tatu ijikalie. Kebini ya namna hii ni kama meza ya miguu minne, ikiwa na mguu mmoja mfupi itakwambia yenyewe, kona moja utaona pedi inazunguka kwa mkono wakati zingine zimebanwa. Hiyo kona ndiyo ya kwanza kupata shimu. Usiivute kwa bolti.

MBELE NA NYUMA, KULIA NA KUSHOTO

Matundu ya kebini ni mapana kuliko bolti, makusudi, kwahiyo una nafasi ya kusogeza. Anza na kitu kisichosogea, ambacho ni mhimili wa stelingi. Upite katikati ya tundu lake bila kusukumwa, na breketi yake ya chini ya dashibodi ifike kwenye mhimili bila kuvutwa. Ukilazimisha breketi iuvute mhimili, usukani utakuwa mzito na bushi ya juu itakwisha haraka, utadhani boksi ni bovu.

Halafu vuta uzi kutoka katikati ya rejeta mpaka katikati ya kebini, alama ya katikati ya kebini itafute kwa kupima kutoka nguzo zote mbili, usiamini nguzo ya katikati ya vioo maana inaweza kuwa imeshawahi kuhamishwa. Uzi ukae sambamba na chesisi. Kisha pima kutoka kona ya chini ya kebini hadi ubavu wa chesisi, kulia na kushoto, mbele na nyuma. Namba nne. Zikilingana kulia na kushoto, weka boneti.

Boneti ya CCKW inakunjuka katikati, kila upande unafunguka wenyewe, na inalala kati ya kebini na kava ya rejeta. Kwahiyo ndiyo inayokuambia umbali wa mbele na nyuma. Ilaze bila kufunga, angalia mwanya kwenye fayawoli, uwe sawa kulia mpaka kushoto. Ukiwa mpana kulia na umebana kushoto kebini imezunguka, legeza sukuma. Ukiwa sawa kote ila mpana mno, sogeza kebini mbele kabla ya kufikiria kusogeza rejeta. Angalia pia urefu, makali ya boneti yalale usawa mmoja na mgongo wa fayawoli, pitisha kidole, kidole kinahisi nusu milimita ambayo jicho halioni.

SHIMU

Hapa ndipo penye utamu. Funga milango bila raba, simama ubavuni, angalia mwanya wa upande wa kitasa kuanzia juu hadi chini.

Kama mwanya ni mpana juu na umebana chini, na ncha ya nyuma ya mlango imenyanyuka kuliko mstari wa kebini, maana yake katikati ya kebini iko juu kuliko ncha zake. Dawa ni kuongeza shimu kwenye ncha. Kama umebana juu na mpana chini, na mlango umeinama nyuma, ni kinyume chake, ncha ziko juu, punguza. Sasa ni ncha ipi, ya mbele au ya nyuma? Iulize boneti. Kama boneti na fayawoli viko usawa mmoja, mbele usiguse, fanyia kazi nyuma. Kama fayawoli iko chini ya boneti na mlango umenyanyuka nyuma, shimu inaenda mbele na utapona magonjwa mawili kwa kidonge kimoja. Watu wanaoweka shimu kwa kubahatisha wanaruka hili swali, ndio maana wanapata mlango mzuri na boneti mbaya, wanabadilisha, wanapata boneti nzuri na mlango mbaya.

Mlango mmoja ukiwa mzuri na wa pili mbaya, ni kona moja tu. Rudi kwenye misalaba ya kioo cha mbele, itakuonyesha kebini imejisokota kwenda wapi.

Tumia shimu nyembamba, bati la milimita 1 lenye umbo la U ili uingize bila kutoa bolti. Moja moja. Milimita moja chini inaongezeka ikifika juu ya nguzo ya mlango kwa sababu nguzo ni ndefu, kwahiyo ukiweka tatu kwa mpigo utapitiliza. Na kila ukiongeza, kaza bolti zote kwa zamu, kona kwa kona, halafu ndio upime. Kupima bolti zikiwa legevu ni kupoteza muda. Ila ujue kebini iliyofungwa ina paa linaloishika, haikubali kupindishwa sana kwa shimu. Ukiona umefika milimita 6 au 7 kona moja na mlango bado unagoma, tatizo halipo kwenye pedi, lipo kwenye kizingiti ulichochomelea au breketi ya chesisi. Rudi huko.

Mwanya wa kulenga ni milimita 5 hivi, ulio sawa kuanzia juu hadi chini. Msianze kutafuta mwanya wa Lexus kwenye lori lililotengenezwa kwa haraka ya vita, zilitoka kiwandani zikiwa na tofauti, na rangi nayo inakula nafasi, praima na koti mbili kila upande vinapunguza. Mwanya ulio sawasawa unavutia kuliko mwembamba.

MILANGO SASA

Kebini ikishakaa, kilichobaki kwenye milango ni kidogo sana. Bawaba zinaupeleka mlango juu na chini na ndani na nje, kitasa na kipokezi chake vinaushika. Kwanza toa kipokezi kabisa, acha mlango uje wenyewe mpaka ulingane na bodi, ndio urudishe kipokezi kiufuate mlango. Ukifanya kinyume kipokezi kinaunyanyua mlango kila ukifunga, na miezi michache bawaba zimelegea tena.

Raba mpya zikiwekwa mlango utakuwa mgumu, utatoka nje kidogo nyuma. Usirekebishe kitu. Funga uache wiki, raba italala. Kujua kama inabana kote kata karatasi ya gazeti, fungia mlangoni, vuta polepole, zunguka mlango mzima. Inapotoka bila ubishi hapo maji yatapita. Njia nyingine ni kupaka chaki kwenye raba, funga fungua, angalia alama imekatika wapi kwenye fremu.

Wenye kebini ya wazi hapa mnapumzika, milango yenu ni ya turubai, haina kesi. Kwenu kazi ni fremu ya kioo cha mbele, hakikisha bawaba zake za kushoto na kulia ziko kwenye mstari mmoja, la sivyo ukikilaza na kukisimamisha kitakuwa kinajisokota.

KABLA HUJASEMA TAYARI

Rudisha mabati ya sakafu na liva zote. Ingiza kila gia, hadi ya tano na rivasi, kisha transfa kesi zote, kila mahali liva ibaki na nafasi ya kidole kutoka kwenye bati. Injini inatikisika ikiwaka, nafasi ndogo unayoiona imezimwa itapotea.

Pedali ya breki hili ni la usalama. Ikiachiwa irudi yenyewe mpaka mwisho, isikwamie kwenye tundu la sakafu. Ikizuiwa hata kidogo, masta silinda haifungui njia ya mafuta kurudi, breki zinabaki zimeshika, zinapata moto, zinashika zaidi. Utakuta mtu anafungua silinda za magurudumu zote sita wakati tatizo ni bati la sakafu. Pedali ya klachi vilevile, ikikwama release bearingi inazunguka muda wote.

Halafu waya wa athi. Kebini inakaa juu ya mpira, kwahiyo umeme haurudi kwenye chesisi wenyewe, na hii gari ni volti 6, inavuta ampea mara mbili ya gari ya volti 12 kwa kazi ileile. Weka waya mnene wa kusuka kutoka kebini hadi chesisi, kwangua rangi mpaka chuma king'ae. Taa hafifu na geji zinazocheza mara nyingi ni huo waya.

Mwisho msokote. Pandisha gurudumu moja la mbele juu ya kizuizi cha sentimita 20 hivi, polepole. Shuka uangalie: mwanya wa boneti utabadilika kidogo, milango ifunguke na kufunga, kebini isiguse bodi la mizigo nyuma, ekzosi isiguse sakafu. Shusha, pandisha gurudumu la upande wa pili, angalia tena. Mianya ikirudi ilivyokuwa kila ukishusha, pedi zinafanya kazi. Zunguka na gari uwanjani, piga breki, rudi ukaze bolti tena na upime mara ya mwisho.

Ukiridhika, kabla ya kufungua kwa ajili ya rangi, toboa tundu la milimita 4 kupitia kebini na breketi kwa pamoja, moja mbele kulia na moja nyuma kushoto. Siku ya kurudisha unaingiza pini, kebini inaangukia palepale. Shimu za kila kona funga kwa waya, andika kona yake kwa panchi ya kugonga sio kwa kalamu, wino unaondoka na thina. Na chini ya kebini, juu ya zile breketi, paka rangi sasa hivi ikiwa juu hewani maana ikishashuka brashi haifiki. Rangi ya nje ni kijani cha jeshi cha mati, hiyo haina msamaha kwa pati lililopigwa msasa vibaya ila haing'arishi mikunjo midogo, kwahiyo muda wako uuweke kwenye mianya kuliko kwenye pati.

Manyuali ya jeshi ya gari hii ni TM 9-801, na namba za spea tafuta kwa G-508, ndiyo namba ya gari hii kwenye orodha za jeshi la Marekani. Ukishaanza kuitembeza, baada ya kilomita mia mbili tatu hivi pita tena chini na spana, pedi mpya zinalala na bolti zinalegea, anzia kona za nyuma.